Usafi wa Siku ya Mgeni

Nalisema mapema ili tusipotezeane muda: hakuna mtu katika mji wetu anayeyajua majitaka kunizidi. Nimeyapokea kwa miaka kumi na tisa. Najua mji unaoga saa ngapi, unapika saa ngapi na unafua siku gani. Watu wakiniuliza kama harufu hainisumbui, huwaambia kwamba harufu wanaileta wao, mimi naiondoa tu. Kazini wananiita Mama Valvu, na sijawahi kulikataa jina hilo, maana wapo wenzangu walioitwa vibaya zaidi.

Mji wetu umekaa bondeni, mlima umeuzunguka pande tatu. Zamani nyumba ziliishia darajani. Siku hizi zinapanda mlimani kama mbuzi, kila mwaka safu nyingine, na kila nyumba na shimo lake la choo, limechimbwa kwenye mwamba usiotaka kuchimbwa. Shimo likijaa huvuja. Likivuja huingia kwenye chemchemi, na chemchemi humwaga kwenye kijito kinachopita nyuma ya mtambo wetu. Wakati wa mvua za mwaka jana wodi ya watoto ilijaa hadi magodoro yakatandikwa kwenye korido. Ndipo ukajengwa mtambo mpya wa kusafisha majitaka, mkubwa mara tatu ya ule wa zamani, na mabomba yakapandishwa hadi kwenye nyumba elfu nne za mlimani. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kibali.

Na kibali, kwa maajabu ya dunia hii, kilikuwa mikononi mwa wadudu.

Bodi ya bonde ilitaka hivi: tuuendeshe mtambo mpya miezi mitatu ya majaribio, kwa majitaka ya mji wa chini peke yake. Kila mwezi mkaguzi aje ahesabu wadudu wanaoishi chini ya mawe ya kijito, juu ya bomba letu la kutokea na chini yake. Kuna mdudu mwenye mikia mitatu, na kuna mwingine anayejijengea kijumba cha chembe za mchanga. Hao hawavumilii uchafu. Wakiwepo, maji ni mazima. Wasipokuwepo, hata cheti kiwe na mihuri kumi ni bure. Ukaguzi wa tatu ukifika, wadudu wa chini ya bomba wawe angalau nusu ya wale wa juu. Wasipofika, mtambo ufungwe mwaka mzima, uchunguzwe upya.

Mkaguzi mwenyewe alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Bodi ilijua na haikujali, kwa sababu bonde zima hapakuwa na mwingine anayewajua wadudu hao kwa sura. Kazini walimwita Daktari wa Wadudu. Mimi nilimwita majina mengine, lakini kimoyomoyo.

Meneja wetu alikuwa na barua yangu ya kupandishwa cheo kwenye droo. Siku kibali kitakapotoka, mimi ndiye nitakayekuwa mkuu wa mtambo mpya. Ilikuwa imekwisha pigwa muhuri, imebaki tarehe tu. Nilikitaka kiti hicho mpaka nikaona haya kukitaja mbele za watu.

Ukaguzi wa kwanza, wadudu wa juu walikuwa mia mbili na nane. Wa chini, arobaini na mmoja. Tukasema ni mapema, mtambo bado mchanga, kijito bado hakijasahau uchafu wa ule wa zamani. Ukaguzi wa pili, thelathini na watatu. Wahandisi wa mkandarasi wakaanza kukuna vichwa. Wakaongeza hewa kwenye matangi, wakapunguza tope, wakapima usiku na mchana. Vipimo vyote vilikuwa vizuri: amonia chini, oksijeni juu, na maji meupe kiasi cha kusomea gazeti kupitia glasi. Maji yangu mimi hayakuwa na kosa. Niliwaambia hivyo wote, na waliochelewa kusikia nikawarudia.

Siku ya ukaguzi wa tatu nilisimama ukingoni nikimtazama wifi yangu ameinama kijitoni na buti zake za mpira, anageuza mawe na kukinga wavu.

"Wangapi?" nikamuuliza.

"Kumi na tisa."

"Labda unahesabu vibaya."

Akainuka, mkono kiunoni. "Basi shuka uhesabu wewe."

"Mimi?"

"Wewe, ndiyo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, wifi. Miaka kumi na tisa unamwaga maji humu. Siku gani umewahi kuyagusa?"

Sikushuka. Nilikuwa nimevaa viatu vizuri, na isitoshe nilikuwa na hasira. Nilirudi ofisini nikapiga mlango, na Fundi Pampu, kijana wangu wa miaka arobaini niliyemfundisha kazi mwenyewe, akaamua kwamba ana shughuli muhimu upande wa pili wa uwanja.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi ya wiki iliyofuata jopo la bodi lilikuwa likutane litoe uamuzi, na kila mtu alijua utakuwa upi.

Jumapili wifi alikuja kula kwetu kama kawaida, maana ugomvi wa kazini huishia kazini, na kaka yake hukasirika asipomwona. Mume wangu ni fundi cherehani. Cherehani yake iko sebuleni, na mgeni akija hukaa kati ya vitambaa. Nilikuwa jikoni napakua chakula nikamsikia akilalamika.

"Dada, njoo uone mke wangu anavyonidharau. Tazama ovaroli hii."

"Ina nini?"

"Madoa! Nimeishona mwenyewe, kitambaa kizito cha buluu, mishono miwili miwili. Na hii ni ya tatu. Mwezi wa kwanza aliirudisha ina madoa meupe, nikamshonea nyingine. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Hii nimeianua jana kwenye kamba, haina hata wiki mbili. Ningekuwa namlipisha, ningekuwa na duka."

"Hayo si madoa, hiyo ni kazi," nikajibu nikitokea mlangoni na sufuria mkononi.

Wifi alikuwa anacheka. Akaichukua ile ovaroli, akaisogeza puani, akanusa upindo wa mkono. Kicheko kikamkauka.

"Wifi, hii ni klorini."

"Sasa je?"

"Mtambo mpya unaua vijidudu kwa mwanga wa taa, si kwa dawa. Ndiyo sifa yake. Klorini mnaitia wapi?"

Hapo nikajieleza kwa majivuno yangu yote, Mungu anisamehe. Nikamwambia kwamba maji yakikaa juani huota ukoga wa kijani, kwenye kuta za matangi na kwenye mfereji wa kutokea. Kwamba mapipa ya klorini ya mtambo wa zamani bado yako stoo, yamejaa. Kwamba tunaimwaga, tunasugua, tunasuuza, mpaka saruji inang'aa kama sahani. "Wewe ungempokea mgeni kwenye nyumba yenye ukoga?"

"Mgeni gani?"

"Si wewe!"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akadakia mume wangu, akacheka, kisha akaona amecheka peke yake.

Wifi alikuwa amekunja kidole kimoja. "Mlisugua lini hasa?"

"Jumanne. Siku moja kabla hujaja."

"Na mwezi uliopita?"

"Siku moja kabla. Barua yenu si huja wiki nzima mapema? Tunajiandaa."

"Na mwezi wa kwanza pia." Akakunja kidole cha tatu, akaiangalia ovaroli. "Ndoo ngapi?"

"Mara ya kwanza tatu. Lakini matokeo yalipokuwa mabaya nikasema tuongeze bidii. Mara ya pili tano, na juzi nane."

Nilijisikia nikiyasema maneno hayo, na kabla sijayamaliza nikaelewa. Nikakaa kwenye rundo la vitambaa, sufuria mapajani.

"Na maji ya kusuuzia yalikwenda wapi?" wifi akauliza, sasa kwa upole. Upole wake ndio ulioniuma.

Nani anajua maji yanakokwenda kama mimi? Yalikwenda kwenye bomba, na bomba linamwaga kijitoni, nayo yalikuwa makali ya kutosha kung'oa rangi ya kitambaa kizito cha buluu. Wakati wa mtambo wa zamani tulipima klorini kila saa. Zilipokuja taa, tulikifungia kile kipimo kabatini, maana mtambo usiotumia klorini unapimiwa klorini ya nini? Na kwenye daftari la zamu hatukuandika kitu. Nani huandika kwamba amefagia nyumba?

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakuniambia kwamba kitakuja kuonekana kwenye kamba ya kuanikia.

"Basi andika kwenye ripoti," nikamwambia. "Sema mtambo hauna kosa."

Wifi akatikisa kichwa. "Niandike nini? Kwamba nimeona nguo za wifi yangu? Watasema ndugu anamwokoa ndugu, na watakuwa na haki. Lazima litoke kwenu." Akaikunja ovaroli taratibu. "Na lisipotoka, nikwambie jambo moja. Huko juu, kwenye korongo la zile nyumba mpya, nimeanza kuona minyoo myekundu chini ya mawe. Hao ni wageni wa uchafu. Mashimo yale yakivuja mwaka mmoja mwingine, hata juu sitakuwa na cha kuhesabu. Na wa juu wakiisha, wa chini hawarudi tena, kwa sababu maji ndiyo huwaleta kutoka juu. Utakuwa na mtambo mzuri, wifi, na kijito kilichokufa."

Hatukula vizuri siku ile. Mume wangu, maskini, alidhani amefanya kosa, akaahidi kunishonea nyingine bila kelele.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa meneja kabla hajafika. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu, wifi yangu, na Fundi Pampu aliyebeba ndoo."

"Basi tukae hivyo." Hakuwa mtu mbaya, meneja wetu. Alikuwa mtu aliyebakisha miaka miwili astaafu. "Jambo ambalo halikuandikwa kwenye daftari halikutokea, mama. Watafunga mwaka mmoja. Tutaacha kusugua, wadudu watarudi, mwakani tutafaulu, na barua yako iko hapa hapa." Akafungua droo kunionyesha, kana kwamba sikuwa naijua. "Lakini ukiandika kwamba ulimwaga dawa bila kuiingiza kwenye daftari, sheria unaijua kuliko mimi. Miaka mitatu huwezi kuwa mkuu wa kitu chochote. Hata wa jiko la chai."

"Na mashimo ya mlimani?"

"Yamevuja miaka kumi. Yatavuja kumi na moja."

Nakiri kwamba niliitazama ile barua. Ilikuwa na jina langu lote, lililochapwa kwa wino mweusi, na chini yake maneno "mkuu wa mtambo." Mwaka mmoja si mwingi kwa mtu aliyengoja kumi na tisa. Nilijiambia hivyo kwa muda wa kama dakika moja, nami najua ilikuwa ndefu. Kisha nikafikiria ile minyoo myekundu ikishuka jiwe kwa jiwe kuja kwangu, huku mimi nimekaa na siri na vipimo vyangu vizuri, na moto ukanipanda kichwani. Maji yangu hayakuwa na kosa! Kosa lilikuwa langu, na sikuwa tayari kuyasingizia maji.

Nikaenda kuchukua daftari la zamu. Nikaandika tarehe zote tatu za kusugua, saa, idadi ya ndoo, siku ninayoandika, na mwisho: kwa amri yangu. Fundi Pampu alikuwa amesimama nyuma yangu, anasoma juu ya bega.

"Tuandike wote, mama. Ndoo nilibeba mimi."

"Ulibeba kwa kuwa nilikuamuru. Ungeniambia hapana ningekufukuza. Nenda kakague pampu."

"Pampu nimekwisha kuzikagua."

"Basi zikague tena."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Wahandisi wa mkandarasi walikaa mstari wa mbele na tai zao, nyuso zao kama za watu waliokuja mazishini. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye sauti ndogo, wa aina ile ambayo ukiisikia unajinyoosha kwenye kiti. Wifi alisoma hesabu zake: juu mia mbili na kumi na wawili, chini kumi na tisa. Hakuniangalia. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kusema kabla jopo halijafunga mtambo.

Nikasimama na daftari langu. Nikasoma ukurasa wote, ndoo kwa ndoo. Kulikuwa na mtu aliyecheka nyuma niliposema tulisugua kwa heshima ya mkaguzi. Nikamsubiri amalize, kisha nikaendelea.

Mwenyekiti aliuomba ukurasa, akauangalia mbele na nyuma.

"Umeandikwa Jumatatu."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Siku tatu kabla ya kikao. Wewe ni mfanyakazi wa mtambo huu, na ukurasa huu unauokoa mtambo huu. Kwa nini tuuamini?"

Lilikuwa swali la haki. Nikageuka. "Meneja, ile barua unayo?"

Alikuwa nayo kwenye mkoba. Nadhani tangu Jumatatu hakujua aiweke wapi. "Ninayo," akasema.

"Naomba uwasomee."

Akaisoma, na sauti yake ilikwama kidogo kwenye jina langu. Mwenyekiti akaweka ukurasa wa daftari upande mmoja, barua upande wa pili, akavitazama kwa zamu.

"Ukurasa huu ukiingia kwenye kumbukumbu zetu, barua hii haina kazi tena. Unalielewa hilo?"

"Nalielewa."

"Na bado unataka uingie."

"Mtu hujisingizia sifa, mwenyekiti. Sijaona anayejisingizia hasara."

Walitoka dakika ishirini. Waliporudi walisema ukaguzi wa tatu umefutwa, utarudiwa baada ya wiki sita, siku yoyote, safari hii bila barua wala taarifa. Mapipa ya klorini yaondolewe yote stoo. Mimi nisiwe tena mkuu wa zamu, wala nisiwe wa mtambo, kwa miaka mitatu. Meneja akatakiwa ataje mkuu mwingine hapo hapo, akamtaja Fundi Pampu, ambaye alinyanyuka kama mtu aliyeitwa na polisi.

Nilimpa mkono mbele ya watu wote, nikatabasamu. Kisha nikaenda chooni nikalia, nikavuta maji mara mbili wasinisikie, nikijua vizuri yanakokwenda.

Zile wiki sita zilikuwa ndefu. Ukoga uliota kwenye kuta, ukashuka kwenye mfereji, kijani kibichi, na kila asubuhi nilipita pale nikiwa nimefumba ngumi mfukoni. Mwanamke niliyelelewa kufagia hadi nje ya uzio nilikuwa nauangalia uchafu ukinawiri mbele ya macho yangu. Sikuugusa.

Wifi alikuja asubuhi moja tukinywa chai, na jozi mbili za buti mkononi. Jozi moja akaniwekea miguuni.

"Leo unahesabu wewe. Mimi nashika wavu, na mjumbe huyu wa bodi anaandika." Nyuma yake alikuwepo bwana mmoja na karatasi zake.

Niliingia kijitoni. Maji yalikuwa baridi hadi kwenye mifupa. Jiwe la kwanza niligeuza vibaya, nikajirushia matope usoni, na wifi akacheka bila huruma. Jiwe la pili nikaligeuza kama alivyonionyesha. Kitu kikanitembea kidoleni, chepesi, na mikia mitatu. Nikakitazama mpaka wifi akaniambia nihesabu, nisiangalie tu kama bibi harusi. Tulifika mia moja thelathini na mmoja. Juu, mia mbili na kumi.

"Zaidi ya nusu," akasema yule bwana, akaandika.

Wifi alinishika mkono kunipandisha ukingoni. "Pole kwa kile kiti, wifi."

"Nilikitaka sana. Usiniambie kwamba nitakisahau, kwa sababu bado kinaniuma."

"Sikwambii."

Kibali kilitoka Ijumaa. Jumatatu asubuhi lango la mabomba ya mlimani lilikuwa lifunguliwe kwa mara ya kwanza, na sote tukajipanga kwenye chumba cha mitambo. Fundi Pampu alikuwa kwenye kiti, shati jipya, kidole juu ya kitufe cha kijani. Meneja akakohoa. Wahandisi wakaangalia saa zao. Fundi Pampu akageuza kiti kizima, akanitafuta kati ya watu hadi akaniona kule nyuma, karibu na mlango.

"Mama, nibonyeze?"

Wote wakageuka. Ningeweza kwenda mbele nikaweka mkono wangu juu ya wake, na hakuna ambaye angenizuia.

"Unaniuliza mimi?" nikasema, na sauti ikatoka imara kuliko nilivyotarajia. "Mkuu ni wewe. Bonyeza."

Akabonyeza. Nikatoka nje, nikavaa glavu zangu, nikaenda kusimama kwenye wavu wa kuchujia taka mlangoni mwa mtambo, kuyapokea majitaka ya mlimani.